Ndege ya kujiundia: tangi la bawa la kulia limepata ufa, nalibadilisha mwenyewe

RubaniShambani:

Wakuu salaam. Wale wa zamani humu mnakumbuka niliwahi kusimulia jinsi mimi na jamaa yangu tulivyochangishana kununua ndege ndogo ya viti viwili, zile ambazo mtu anaagiza vipande kiwandani anakuja kuviunga mwenyewe gereji kwake. Tuko Iowa, Marekani. Mimi ni dereva wa lori, mwenzangu nesi. Ndege ina injini ya Rotax 912 ULS, mabawa yako juu ya kichwa, kila bawa lina tangi la lita 38. Aliyeiunda ni mzee mmoja wa huku, sisi ni wamiliki wa tatu. Jina la kiwanda silitaji, maana bado sijajua kosa ni la nani.

Wiki tatu zilizopita nimefungua mlango wa hanga, yaani banda la ndege, asubuhi, nikapokelewa na harufu ya petroli. Si ile ya kawaida ya umejaza jana kimekudondokea kidogo. Hii ilikuwa imelala humo usiku kucha. Nikapita chini ya bawa la kulia na tochi, nikakuta doa la buluu hafifu limetambaa kwenye mshono wa bati karibu na mwili wa ndege. Kwa wasiojua: petroli ya ndege, ile 100LL, imetiwa rangi ya buluu, kwa hiyo ikivuja na kukauka inaacha alama. Sisi tunachanganya, leo ya magari kesho ya ndege. Tungekuwa tunaweka ya magari peke yake labda nisingeliona hilo doa hadi leo.

Nikaosha sehemu ile, nikakausha, nikaipulizia poda nyeupe ya miguu, ile ya kopo. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, mstari wa unyevu umejichora kwenye poda, unatokea ndani ya bawa kabisa, si kwenye bomba wala vali. Hapo nikajua ni tangi.

Tatizo ni kwamba tangi halipo mahali pa kufikika. Limekaa ndani ya bawa katikati ya mbavu, yaani zile fremu za ndani zinazolipa bawa umbo, juu yake bati limepigwa riveti. Kuliona tu ni kazi ya siku nzima. Naanza Jumamosi, nitakuwa naleta mrejesho. Wajuvi mje.

Ngosha_01:

Mkuu umeanza vizuri ila uzi wa ndege bila picha ni hadithi ya sungura na fisi. Tupia picha.

mzee wa kijiwe:

Mimi hata bodaboda nikisikia imevuja mafuta nashuka natembea kwa miguu. Wewe unapanda nayo angani? Nimekaa hapa nasoma.

Fundi Tunduma:

RubaniShambani salaam ndugu yangu. Mimi ni fundi wa malori hapa mpakani miaka mingi. Tangi likivuja njiani sisi tunachukua kipande cha sabuni ya mche, unasugua pale kwenye ufa hadi inaziba, gari linafika hata Lusaka. Ukifika unapaka gundi ya chuma unasahau. Hilo la kwako la alumini unaweza ukalichomelea kwa gesi ya agoni, kwa nini ununue jipya?

RubaniShambani:

Fundi shikamoo. Sabuni ya mche naijua, imewahi kunitoa Chalinze hadi Segera na Fuso la mjomba. Lakini lori likizidiwa unaweka majani barabarani unasubiri msaada. Juu hakuna pa kuweka majani. Halafu sabuni inalainika kwa unyevu, ikiingia ndani inakwenda kwenye chujio na kabureta. Gundi nayo inashika vizuri mahali pasipotikisika, na bawa linatikisika muda wote injini ikiwa inawaka.

Kuhusu kuchomelea, nimewaza sana. Alumini ukishaichomelea, pembeni ya mshono joto linailegeza, inakuwa laini kuliko ilivyotoka kiwandani. Ufa mpya hupenda kuanzia hapohapo, milimita chache kutoka ule wa zamani. Na kuna suala la mvuke. Tangi tupu ndilo bomu. Petroli inawaka mvuke wake ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na tangi ulilomwaga jana linakaa humo humo. Lililojaa mpaka mdomoni lina nafuu, maana ndani hakuna hewa ya kutosha.

Fundi Tunduma:

Hapo kwenye mvuke umesema kweli tupu. Hapa mtaani kuna kijana alichomelea pipa la petroli aliloliosha kwa maji baridi mara moja tu. Mfuniko ulitua juu ya bati la jirani. Yeye alipona, nyusi hazikupona. Sisi siku hizi tunaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu, halafu tunalijaza maji tunaacha nafasi ya pale tu tunapochomelea.

RubaniShambani:

MREJESHO WA KWANZA.

Jumamosi tumeanza na kumwaga mafuta. Tumeisukuma ndege nje kabisa, kwa sababu hanga letu lina hita ya gesi ukutani na kijimwali chake hakizimiki majira ya baridi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama maji, na ukikutana na kijimwali kile hauulizi umbali uliotoka. Waya mmoja toka kwenye ndege hadi kwenye dumu la chuma, mwingine toka kwenye dumu hadi kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, ili umeme tuli usirushe cheche. Tumetoa lita 29.

Halafu riveti. Hizi ni zile za kuvuta, zina kijiti cha chuma katikati. Kosa langu la kwanza liko hapa. Nimezitoboa tano za mwanzo moja kwa moja kwa drili ya milimita 3.2. Kijiti ni kigumu kuliko alumini inayokizunguka, kwa hiyo drili ikateleza pembeni, na matundu mawili kati ya matano yakawa na umbo la yai. Mwenzangu akanisimamisha. Tukaanza upya kwa utaratibu: unagonga kijiti kwa msumari butu hadi kizame, unatoboa kichwa tu, kichwa kikikatika unasukuma kilichobaki kwa ndani. Riveti 118, kwa mikono miwili na mgongo mmoja. Yale matundu mawili yatachukua riveti za saizi inayofuata. Ukubwa huo bati linaruhusu, nimepima umbali toka ukingoni.

Bati limefunuliwa, na hiki ndicho nilichokikuta. Tangi lenyewe halijaoza, limenyooka, mishono ya kiwandani safi. Ufa uko kona ya nyuma upande wa ndani, chini, sentimita moja na nusu kutoka kwenye mdomo wa bomba la kutolea mafuta. Urefu wake kama ukucha wa kidole gumba. Ukibonyeza bati kwa kidole unafunguka na kufumba kama mdomo wa samaki.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni mkanda wa kulifunga. Chini ya mkanda na kwenye mbavu kulikuwa na vumbi jeusi, laini kama masizi ya kibatari. Nilidhani ni uchafu. Nimelipangusa, chini yake bati la tangi limekwanguliwa linang'aa.

Kajiado254:

Boss hiyo si uchafu. Alumini ikisuguana na alumini inatoa hiyo poda nyeusi. Mimi napenda kuzunguka uwanja wa ndege ndogo wa Orly kule Kajiado wikendi kutazama hizi ndege ndogo, na kuna mzee wa huko alinionyesha kitu hicho hicho kwenye riveti iliyolegea, ilikuwa na mkia mweusi nyuma yake kama moshi. Kwani kati ya tangi na mbavu hakukuwa na mpira?

RubaniShambani:

Hakukuwa. Na kiwanda hakikukosea. Nimerudi kwenye michoro ya awali, imekuja na ndege ndani ya boksi la viatu. Mchoro unaonyesha wazi vipande vya mpira kila mahali tangi linapogusa mbavu, na kimoja chini ya mkanda. Mzee aliyeunda hakuviweka. Labda viliisha, labda alisema ataweka kesho, nani ajuaye. Badala yake akakaza mkanda hadi ukaingia kwenye bati.

Na kuna la pili. Bomba la kutoka kwenye tangi kwenda mwilini ni la alumini ngumu, limenyooka kama rula, bila hata pindo moja. Bawa linacheza, mwili unacheza, bomba halitaki kucheza. Nani anaumia? Kona ya tangi.

Binti Hanga:

Shikamoo kaka. Mimi nasoma matengenezo ya ndege NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, mwaka wa tatu. Hayo mawili yanatosha kabisa kuleta ufa wa uchovu wa chuma, lakini kabla hujafunga kesi, tundu la kuingizia hewa umeliangalia? Kama limeziba, injini inavuta mafuta, hewa haiingii badala yake, tangi linafyonzwa linabonyea. Ukizima injini linarudi. Kubonyea na kurudi, kubonyea na kurudi, ni kama kukunja waya wa uzio hadi ukatike. Na kona iliyobanwa ndiyo ya kwanza kukatika.

RubaniShambani:

Marahaba mdogo wangu. Kusema ukweli sikuliangalia. Nimerudi hangani usiku huu huu baada ya kusoma hapa.

Nimechomoa kibomba cha hewa nikapuliza kwa mdomo. Inapita, lakini kwa shida, kama unanywa uji mzito kwa mrija. Nikapitisha waya laini, kikatoka kidonge cha udongo mkavu, na ndani yake ganda la buibui. Nyigu! Wale wanaojenga vijumba vya udongo. Huku wakati wa joto hawana adabu, kila tundu la ukubwa wa penseli wanalihesabu ni kiwanja chao.

Kwa hiyo mashahidi sasa ni watatu: mkanda bila mpira, bomba lisilopinda, na nyigu. Nani aliyeanza sijui, ila nimeshaona kwamba ningeweka tangi jipya bila kugusa haya matatu, nalo ningekuja kulitoa.

Ngosha_01:

Ndege nzima imeangushwa na mdudu wa udongo 😂 Nimekaa paleee.

mzee wa kijiwe:

Swali la mtu wa kijiweni. Kwani huko unaruhusiwa kufungua ndege mwenyewe kama unafungua pikipiki? Serikali haipo?

RubaniShambani:

Serikali ipo mzee wangu, tena ipo sana. Ndege za kujiundia ziko kwenye kundi lao, wanaliita la majaribio, na kubandika neno hilo kwenye ndege ni lazima ili kila abiria alisome kabla hajapanda. Kwenye kundi hilo mmiliki anaruhusiwa kufanya matengenezo kwa mikono yake. Asichoweza, kama hana cheti, ni kujisainia ukaguzi wa kila miezi 12. Ule kwa kawaida husainiwa na fundi mwenye leseni, au na yule aliyeiunda akiwa na cheti cha ndege hiyo hiyo. Sisi tumenunua, hatukuunda, kwa hiyo cheti hicho hatukipati kamwe. Tuna fundi wetu mwenye leseni anakuja, na nimemwita aje aangalie kabla sijafunga bati, ingawa sheria hainilazimishi. Kila kitu nakiandika kwenye daftari la ndege, tarehe na saa.

Nimeagiza tangi la saizi ile ile. Ningeweka kubwa zaidi, hayo yangekuwa mabadiliko makubwa: upime uzito upya, utafute upya mahali ndege inapolalia uzito wake, na pengine urudi kwenye safari za majaribio. Walio Tanzania na Kenya msiige kanuni za huku, mamlaka za usafiri wa anga, TCAA na KCAA, wana zao, ulizeni kwanza.

Fundi Tunduma:

Na zile dawa wanazomwaga ndani ya tangi, unalizungusha linajipaka lenyewe, huzitaki?

RubaniShambani:

Sizitaki fundi. Zile za zamani zikikutana na petroli yenye ethanoli zinabanduka kama rangi ya ukuta uliopata unyevu, halafu ule ukoko unakwenda kukaa kwenye chujio. Utakuwa umebadilisha kuvuja kwa kuzimika injini.

RubaniShambani:

MREJESHO WA PILI. Tangi limefika.

Kabla ya kulipandisha nimelijaribu kwa hewa, na naomba mnisikilize hapa. USICHOMEKE kompresa kwenye tangi la bati jembamba. Upande mmoja wa tangi hili ni kama sentimita 40 kwa 60, yaani sentimita za mraba 2,400. Hata mgandamizo mdogo wa kunyanyua maji sentimita 40 kwenye mrija, upande huo unasukumwa na karibu kilo 96. Ni mifuko miwili ya saruji. Kompresa ya kujazia tairi ingelifanya mpira wa miguu kabla sijaondoa kidole.

Nilichofanya: mrija unaoonyesha ndani, umepindwa umbo la U, una maji yenye rangi ya juisi. Upande mmoja umeunganishwa na tangi, mwingine uko wazi. Nikajaza hewa kwa pampu ya baiskeli taratibu hadi maji yakapishana sentimita 40. Nikapaka povu la sabuni ya vyombo kwenye mishono yote. Hakuna hata tone lililotoa kipovu. Nikaacha usiku.

Asubuhi nakuta sentimita 33. Moyo ukanidondoka. Tangi jipya linavuja! Nikapaka povu tena, hamna kitu. Nusu saa nahangaika, hadi mwenzangu akaingia akasema, mbona hanga la baridi hivi, hita umezima? Nilikuwa nimeizima kwa usalama. Hewa iliyofungiwa ikipoa nyuzi moja tu maji yanashuka sentimita tatu na zaidi. Tukaacha jua lipande, saa sita mchana yamerudi 40 na kuvuka kidogo. Nesi kanifundisha fizikia.

Binti Hanga:

😂 Hiyo naipeleka darasani. Kaka, viungio vya nyuzi unaweka nini?

RubaniShambani:

Siweki utepe mweupe wa mafundi bomba. Vipande vyake vinakatika wakati wa kukaza, vinasafiri hadi kwenye kabureta. Naweka dawa ya nyuzi isiyoliwa na petroli, kidogo, nikiacha uzi wa kwanza mtupu. Na sikazi kwa hasira. Nyuzi za mdomo wa tangi zinanenepa kadiri unavyozungusha, ni kama kabari. Ukizidisha unapasua mdomo wenyewe.

Bomba gumu nimelitoa. Nimeweka mpira wa mafuta wenye pindo, bawa likicheza una pa kujinyoosha. Vipande vya mpira viko kila mbavu, vimegundishwa visitembee. Mkanda nimeukaza hadi tangi limetulia lakini karatasi bado inaweza kuchomolewa kwa kuvuta. Kibomba cha hewa ni kipya, mdomo wake umekatwa mshazari unatazama mbele, na ndege ikilala tunakivika soksi nyekundu yenye utepe mrefu ili usisahau kuivua.

Fundi mwenye leseni kaja, kapitisha kioo chake kidogo na tochi kila kona, kanitia doa moja tu: mpira ulikuwa unagusa ukingo wa ubavu. Nikaweka kibanio.

Kabla ya riveti tumejaribu mtiririko. Injini hii ikipaa inakula lita 27 kwa saa. Tunataka mafuta yanayojishukia yenyewe kutoka kwenye bawa yazidi hapo kwa nusu, yaani lita 40.5 kwa saa, na pua ya ndege ikiwa juu kama inapaa. Tukainua gurudumu la mbele kwa magogo, tukafunga tangi la kushoto, tukachomoa mpira kwenye injini tukauelekeza kwenye dumu. Dakika kumi tulihitaji lita 6.75. Tumepata 7.6. Kwa udadisi nikaziba tundu la hewa kwa kidole. Dakika ya kwanza huoni kitu. Baadaye mtiririko ukaanza kukonda, na nilipoweka kiganja juu ya tangi nikasikia bati linazama, tok. Nikaondoa kidole haraka.

Kajiado254:

Hiyo "tok" ndiyo ilikuwa ikiimba kila safari na hamkuisikia juu ya kelele za injini.

RubaniShambani:

Ndivyo ninavyoamini.

MREJESHO WA TATU. Bati limefungwa, riveti mpya zote. Kipimo cha mafuta nimekipima upya: ndege imenyooka, namimina lita tano tano, natia alama. Alama za zamani zilikuwa zinadanganya karibu lita mbili upande wa chini, upande ambao uongo una gharama. Tumewasha chini dakika ishirini, tumezima, tumepitisha poda. Pakavu. Safari ya kwanza nimezunguka juu ya uwanja tu, peke yangu, nusu saa, bila kutoka eneo ambalo ningeweza kurudi nikielea injini ikizima. Sasa imeruka jumla ya saa sita tangu hapo, poda bado nyeupe.

mzee wa kijiwe:

Hongera kijana. Na lile tangi bovu umelitupa? Lingefaa kufugia bata maji.

RubaniShambani:

Sikulitupa mzee. Nimelijaza maji hadi pomoni nikalikata kwa msumeno wa mkono nione ndani. Kuna ukuta katikati wa kuzuia mafuta yasipige mbio, umeshikwa kwa visikio vinne. Kisikio kimoja, upande ule ule wa ufa, kimekatika. Ufa wenyewe una rangi mbili: nje umefifia na una weusi wa zamani, ndani bado unang'aa. Yaani ulianzia nje, ukatembea taratibu.

Nimemtumia fundi picha, akauliza swali moja: tangi la kushoto limefungwa na nani? Na yule yule mzee. Nimechungulia kwa kamera ya waya kupitia tundu la ukaguzi. Ufa sijauona, lakini kwenye ubavu wa pili kuna vumbi jeusi. Ndege imesimama tena. Nimeagiza mpira na riveti 120, Jumamosi tunafungua.